Taa Iliyowaka Nilipomwita Mjomba

Juzi jirani yangu alisahau mawese jikoni. Aliyabandika, akaenda bombani, huko akakutana na watu wa kuongea nao. Harufu ikapita juu ya ukuta ikanikuta uani nachambua mchele. Haikuwa harufu ya kuungua. Ilikuwa ile ya mawese yaliyopata moto peke yake, bila kitunguu, bila dagaa, bila kitu chochote cha kuyapa kazi. Nikaweka ungo chini, nikasimama. Mwanangu akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nikaenda kuipua sufuria ya watu.

Sisi tuliokulia Mpanda miaka ile tuliyajua mawese kabla ya kujua kuandika majina yetu. Mama yangu aliyauza Majengo, mbele ya chumba tulichopanga. Yalikuja kwa malori kutoka Karema, kwenye madebe, na mengi yalikuja na maji ndani, maana wauzaji wa ziwani nao wana watoto wa kulisha. Mama alinifundisha kuyakausha. Unayabandika kwa moto mdogo, halafu unasikiliza. Mawese yenye maji yanalia, yanatatarika kama mvua inayoanza kwenye bati. Yakinyamaza, yako tayari. "Usitumie macho," alikuwa akisema, "macho yanadanganywa na rangi." Kazi hiyo niliijua kuliko hesabu, na nilipoacha shule nikiwa darasa la sita ndiyo niliyobaki nayo mkononi.

Baba alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mpakiaji mizigo stesheni. Mama alikuwa wa Mwese, kule milimani. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kirundi kilikuwa cha mama na mimi tu, cha mambo ambayo wadogo zangu, Gervas na Sesilia, hawakutakiwa kuyasikia.

Baba alipokufa, habari ilisomwa redioni. Wenzangu wa rika langu mnayakumbuka matangazo ya vifo ya mchana: vijiko vinawekwa chini, mtoto anayelia anazibwa mdomo, na ile sauti isiyo na haraka inataja marehemu, kisha inasema habari ziwafikie fulani na fulani wa kijiji fulani, popote walipo. Siku ya tatu mjomba akatokea. Sisi tulimwita marume, kama wanavyosema kwao mama. Alikuwa ametembea kutoka Mwese, matope mpaka magotini, na fimbo yake imeliwa na njia. Nilipompelekea maji ya kunawa nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa napalilia maharage," akasema. "Redio ya jirani ikaniita jina."

Maneno hayo yalikaa ndani yangu. Kwa akili yangu ya wakati ule, redio ilikuwa inamtafuta mtu. Ilipita juu ya vichwa vya watu wote wa nchi, ikafika Mwese, ikamkuta marume kwenye matuta yake, ikamwita, kama mama alivyotuita jioni kutoka michezoni. Sikujua kwamba sauti ile inamwagwa kila mahali, na aliyepo ndiye anayeiokota.

Mama alimfuata baba baada ya masika mawili. Watu walisema ni kifua. Siku moja kabla, mchana, alinishika kifundo cha mkono, akaniambia kwa Kirundi kwamba wadogo zangu wasitawanyike. Nimwite marume. Marume akija, hakuna mtu wa kuwagawa. Tulimzika kwa haraka kwa sababu ya mvua. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuja kutoka Inyonga kusimamia msiba, akasema tangazo la redio halina haja. "Wanaohusika tupo," akasema. Barabara ya Mwese ilikuwa imekatika, hakuna lori wala baiskeli iliyopita.

Baada ya mazishi baba mkubwa akatuweka chini.

"Siku ya arobaini tunaanua matanga," akasema. "Siku hiyo kila mtoto atajua anakokwenda. Kama upande wa mama yenu kuna mtu mwenye neno, aje aseme siku hiyo. Asipokuja, basi. Linalosemwa siku ya matanga halirudishwi."

Shangazi wa Tabora, dada yao, alikuwa ameshavishika viganja vya Sesilia na kuvigeuzageuza kama mtu anayechagua samaki. "Huyu vyombo ataviweza," akasema. Sesilia alikuwa na miaka mitano.

Basi nikawa na siku arobaini za kumpata mtu mmoja aliye nyuma ya milima na mito iliyofurika. Siku za kwanza sikufanya chochote. Nilikausha mawese, nikauza, nikawapikia. Sare yangu ya shule niliikata, nikamshonea Sesilia gauni.

Nyuma ya soko alikaa fundi Pius. Alikuwa Mfipa, fundi wa simu aliyestaafu, mtu mwenye sauti ya kukwaruza na miwani iliyofungwa kwa waya. Alitengeneza redio za watu, lakini hiyo haikuwa kazi aliyoipenda. Alichokipenda ni mtambo wake mwenyewe, alioujenga kwa mikono yake, wa kuongea na watu wengine duniani wenye mitambo kama huo. Watoto wa Majengo walisema anaongea na Ulaya. Waya mrefu ulitoka kwenye paa lake ukaenda mpaka kwenye mkaratusi, na kunguru walipanga foleni juu yake.

Siku moja akaja kwenye kibaraza chetu.

"Binti, nataka mawese yasiyo na tone la maji. Hata tone moja."

"Unakaanga nini, fundi?"

"Sikaangi. Nataka kuyaogeshea kitu."

"Mawese unaogea?"

"Ndiyo maana nyie Wakonongo hamng'ai," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe, Gervas akacheka.

Jumamosi nikampelekea sampuli kwenye chupa. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, ukija umekuja, na siku ile mchana ulikuwepo. Nilimkuta ameinama juu ya sanduku la bati lenye valvu za kioo zinazong'aa ndani kama makaa. Kwenye meza, mbali kidogo na sanduku, kulikuwa na taa ya kawaida ya nyumbani iliyofungwa kwenye kipande cha ubao, imeunganishwa na mtambo kwa waya mnene. Ule waya wa nje, wa kunguru, ulikuwa umeingizwa dirishani na kufungwa kwenye msumari. Haukugusa chochote. Niliuona vizuri. Sikuuliza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Weka hapo, usiguse kitu. Una sauti wewe?"

"Ninayo."

"Niazime. Yangu imekauka na mikono yangu ina kazi." Akanipa kipaza sauti cheusi, kizito kama pasi. "Bonyeza hapa, sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema Baba Yetu. Usinyamaze tu."

Nikabonyeza. Taa ikaona haya, ikawa nyekundu kidogo. Nikasema "Baba Yetu uliye mbinguni," na taa ikafunguka. Nilipopandisha sauti iliwaka, nilipotulia ikarudi chini, nilipovuta pumzi ikanisubiri. Nawaomba mnielewe. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na tangu tumzike mama hakuna mtu mzima aliyekuwa amenisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kile kioo kilinisikiliza. Nikajua, kwa uhakika ambao sijawahi kuupata tena kwa jambo lolote, kwamba kule Mwese mtu amenyoosha mgongo kwenye matuta yake na kugeuza shingo.

Nikaacha sala. Nikahamia kwenye Kirundi, kwa sababu fundi Pius alikunywa pombe na baba mkubwa, na sikutaka neno langu lifike Inyonga kabla ya kufika Mwese. Nikamtaja marume jina lake, na la baba yake, na la kilima chake, kama wanavyotaja redioni. Nikasema mama amekufa. Nikasema siku ya matanga na hesabu yake. Nikasema wanataka kutugawa. Mwisho nikasema, *Marume, ngwino.* Mjomba, njoo. Taa ikawaka kwa neno hilo kuliko yote.

"Basi, inatosha," akasema fundi, macho kwenye sindano ya mita yake. "Umesema nini kirefu hivyo?"

"Sala."

"Sala nzuri. Imefika wati thelathini."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nikawaambia wadogo zangu, "Marume anakuja." Gervas alikuwa na miaka tisa, umri wa kutaka ushahidi. "Nani kasema?" Nikamwambia, "Mimi nasema." Akaridhika.

Jumanne fundi akatuita sote watatu. Alikuwa ameridhika na mawese yangu. Aliyamimina kwenye kijiko, akayapasha kwa moto wa kibiriti, akasikiliza kama mama. "Kimya kabisa," akasema. Halafu akamwaga mezani rundo la matumbo ya redio zilizokufa, akamwambia Gervas atafute rezista, vile vidude vinene kama funza vyenye mistari ya rangi. Alitaka vyenye kahawia, nyeusi na nyekundu tu, ishirini, vyote sawa.

"Kwa nini ishirini?" Gervas akauliza.

"Kwa sababu kila kimoja kina ukinzani wa elfu. Ukiviweka ishirini bega kwa bega vinagawana kazi, inabaki hamsini. Mtambo wangu unataka hamsini. Ukiupa pungufu unakasirika, ukiupa zaidi unakasirika, na ukiuwasha bila kuupa kitu unajiunguza wenyewe."

"Si ile taa ipo?"

"Taa mnafiki. Ikiwa baridi ni mtu huyu, ikipata moto ni mtu mwingine. Nimejaribu na waya wa pasi, nao umesokotwa, mawimbi hayapendi kusokotwa. Nataka kitu ambacho kikiwa baridi ni hamsini, kikiwa moto ni hamsini. Kitu cha msimamo."

Gervas alizipata kumi na tisa, na ya ishirini Sesilia akaitoa mdomoni. Fundi akazichomelea kwa risasi ya kuyeyusha kati ya mabati mawili ya mviringo, zikasimama kama nguzo za nyumba, akazitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga, akamimina mawese yangu mpaka juu. Jumamosi iliyofuata nikaitwa tena kuazimisha sauti. Safari hii hakukuwa na mwanga. Nilihesabu moja mpaka mia, na kitu pekee kilichotokea ni kwamba kopo lilipata joto, na harufu ile ikaanza kupanda. Fundi alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akagusa kopo, akatazama mita, akagusa tena.

"Haiyumbi," akasema. "Angalia, haiyumbi hata kidogo. Na hakuna kinachotoka."

Mimi nilisikitika kidogo kwa ajili yake. Nilifikiri ameacha kitu kizuri kinachosikia, akachukua kopo lililo kiziwi. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba mimi niliwahi kusema wakati wa taa.

Mvua ikaanza kulegea. Siku ya ishirini na tisa au thelathini, nakumbuka kwa sababu nilikuwa nazichora kwa mkaa nyuma ya mlango, alikuja mzee mmoja wa Mwese anayeuza maharage, Baba Eliya. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili, na wenzake watatu nyuma yake. Ndio watu wa kwanza kutoka milimani tangu msiba. Alikuwa ameambiwa sokoni.

"Pole sana, mwanangu. Mama yenu alikuwa mtu. Marume wako anajua?"

"Anajua."

"Nani kamwambia? Mimi nimetoka huko juzi, mbona hakusema kitu?"

"Ameshaitwa, mzee."

Akanitazama. Alikuwa mtu wa subira, wa watu wanaotembea milima.

"Sikiliza. Mimi napitia Magamba, binti yangu kajifungua, nitakaa huko wiki mbili hivi. Lakini huyu mwenzangu anarudi Mwese kesho asubuhi. Andika hata mistari miwili, atampa mkononi."

Gervas alikuwa amekaa pale kwenye ngazi, anakoroga maji kwa kijiti. Aliinua kichwa. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi za daftari la shule zilikuwepo ndani.

Mama alinifundisha jambo moja la kwao. Mkubwa haitwi mara mbili. Ukimwita ukanyamaza, umempa heshima yake. Ukimwita tena, umemwambia ni kiziwi, au umemwambia hana utu. Niliwahi kupigwa kwa sababu hiyo, nikiwa mdogo, nilipomwita bibi mara ya pili akiwa anavaa viatu vyake. Nikafikiri: kama marume yuko tayari anafunga mzigo, halafu anapokea barua ya kumwita upya, atanionaje? Labda atageuka. Labda atasema, watoto hawa hawaniamini.

"Haina haja, mzee," nikasema. "Atakuja."

"Haya," akasema Baba Eliya. "Wewe ndiye mkubwa."

Siku ya matanga niliamka alfajiri nikafagia mpaka barabarani. Nilimvalisha Sesilia gauni la sare. Watu wa Inyonga walijaa, wa Tabora walikuja na treni, wali ulipikwa, na mimi kila aliyepinda kona ya msikiti nilimpa sura ya marume mpaka alipokaribia akawa mtu mwingine. Baba mkubwa alisubiri. Lazima nimpe haki yake, alisubiri. Mara mbili aliuliza, "Upande wa mama hakuna mtu?" Na mara mbili nikajibu, "Yuko njiani, baba mkubwa." Watu walitazamana. Jua lilipokuwa juu ya paa la mashine ya kusaga akasema, "Binti yangu, treni haisubiri."

Akasimama akasema. Gervas, Inyonga, kwake, kusaidia tumbaku. Sesilia, Tabora, kwa shangazi. Mimi, nimalizie biashara ya marehemu, kisha nitafuata Inyonga kungoja mchumba. Nikasema mimi siondoki. Mtu mmoja akacheka, "Ana kiburi kama mama yake." Baba mkubwa akainua mkono. "Mwacheni. Njaa itamleta."

Stesheni Sesilia hakulia. Alidhani tunakwenda sote. Alipanda, akakaa dirishani, akaniwekea nafasi kwa kiganja chake, akapigapiga kiti kuniita. Alianza kulia treni ilipokwisha kuondoka, na hilo sikulisikia, niliambiwa na mama mmoja aliyekuwa behewa lile.

Siku tatu baadaye nikaenda kwa fundi Pius. Sikwenda kumlaumu. Nilikwenda kuomba taa.

"Fundi, naomba ile taa tena. Nataka kumuuliza yule mtu kama anaumwa."

"Mtu gani?"

"Niliyemwita. Mjomba wangu wa Mwese."

Alikuwa ameshika koleo. Akaliweka chini taratibu, akavua miwani. Akaniuliza maneno machache, nikamjibu, na kadiri nilivyojibu ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka akawa amekaa kwenye debe chini kama mtoto. Halafu akanieleza. Alikuwa ameomba kibali Dar es Salaam tangu mwaka wa nyuma, na kibali hakijaja, na mtu asiye na kibali haruhusiwi kutoa hewani hata kikohozi. Lakini mtambo lazima ujaribiwe. Kwa hiyo anaupa mzigo wa bandia. Mtambo unadhani unaongea na dunia, kumbe sauti yote inageuka joto na kuishia pale pale mezani. Akanionyesha waya wa nje, bado uko kwenye msumari.

"Hiyo ndiyo kazi ya lile kopo, mama. Mwezi mzima nimetafuta kitu kitakachomeza sauti yote isivuje."

"Na taa?"

"Taa ilikuwa inavuja." Nilimwona akitafuta kitu cha kunipa. "Kidogo. Labda ilifika sokoni. Labda stesheni, kama kuna mtu alikuwa anazungusha redio yake akapita kwenye wimbi langu."

"Mwese?"

"Hapana."

Nje watu walikuwa wanabishana bei ya muhogo. Fundi akasema, "Kwa nini hukusema kwa Kiswahili? Ningekwambia palepale."

"Ungemwambia baba mkubwa."

"Ndiyo," akasema, akavaa miwani.

Kesho yake nikafunga chumba, nikamwachia jirani ufunguo, nikaanza kutembea. Siku ya pili, kwenye mteremko wenye mawe mekundu, nikamwona mtu anashuka kwa haraka na kifurushi begani. Alikuwa marume. Yule mwenzake Baba Eliya aliyetangulia hakupeleka neno, maana nilisema ameshaitwa; Baba Eliya mwenyewe aliporudi kutoka Magamba ndipo akaenda kumpa pole ya dada yake, na marume akaangusha jembe palepale. Alinikumbatia katikati ya njia. Alinuka jasho na moshi wa kwao. Alilia kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akaniuliza, "Matanga lini? Nimewahi?"

Tulikwenda Inyonga kwa lori la tumbaku. Tabora hatukufika, alichokuwa nacho marume kiliishia barabarani. Sesilia nilikuja kumwona tena yeye mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniuliza safari, akanipa kiti kizuri, kama unavyompa mgeni wa heshima.

Baba mkubwa alitupokea vizuri. Alichinja kuku. Tulipokwisha kula, marume akasema amekuja kuwaomba watoto wa dada yake, wakae pamoja Mwese, shamba lipo, yeye hakujaliwa wa kwake. Aliongea kwa upole na kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. Baba mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya matanga nilikusubiri, shemeji," akasema. "Mpaka treni ikapiga honi. Ulikuwa wapi?"

"Sikuitwa."

Wote wawili wakanigeukia. "Binti," akasema baba mkubwa, na sauti yake haikuwa mbaya, "ulituambia yuko njiani. Ulimwita?"

Mlangoni alikuwa amesimama Gervas na mzigo wa kuni kichwani, wa kupeleka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitazama wale watu wazima wawili, nikatazama ile ndiyo, nikaona hainipi pa kusimama.

"Hapana," nikasema. "Sikumwita."

"Basi umesikia, shemeji. La matanga limeshasemwa."

Marume aliinamisha kichwa. Hakunikemea, wala siku zote alizoishi hakuniuliza tena. Aliyeuliza ni Gervas. Alitua kuni zake chini, moja ikabingiria mpaka miguuni kwangu.

"Dada, mimi nilikuwepo. Yule mzee wa maharage alikuomba barua. Ukasema haina haja."

"Nilikosea, Gervas."

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kwa mtoto, akinitazama mdomoni, kwa sababu alijua mimi kila kitu huwa nina maelezo yake. Nilikuwa nayo. Nilikuwa na taa, na kopo, na mkubwa asiyeitwa mara mbili, na rezista ishirini alizozitafuta yeye mwenyewe akicheka. Niliyageuza maelezo hayo ndani yangu, mbele ya baba mkubwa na mifupa ya kuku, na kila nilivyoyageuza yalikuwa ni uongo wa mtu aliyeona karatasi na kalamu akachoka kuandika.

Kutoka kwenye bani mtu akaita kwamba moto unapungua.

"Haya," akasema Gervas. Akainama, akaokota kuni moja moja, na ile iliyokuwa miguuni kwangu akaiacha.